Waokoaji wangu hawalali tena: kiongozi wa kikosi afanye nini?

Nahodha wa Kyeshero ameuliza:

Jambo sana kwenu wote. Ninaongoza kikosi cha wajitoleaji kumi na wanne hapa Goma, mashariki mwa Kongo, watu wanaoitwa chombo kinapozama ziwani, mlima unapoporomoka upande wa Sake na Minova, au mvua inapoangusha nyumba juu ya wenyewe. Wengi wao ni motari (waendesha pikipiki za abiria), wavuvi na maseremala, na wawili ni walimu wa shule ya msingi. Kazi ya mikono wanaijua: kamba wanaifunga gizani, mtumbwi uliopinduka wanaugeuza, na aliyekunywa maji wanajua namna ya kumrudishia pumzi. Linalonishinda ni lile linalokuja baada ya kazi kwisha.

Niwape mfano mmoja. Miezi minne iliyopita tulitoka usiku kutafuta watu wa boti iliyopinduka. Kijana wetu mmoja, motari wa miaka ishirini na minne, alimkuta mama aliyekuwa ameshikilia bidoni, yaani dumu la maji, ya njano iliyokuwa ikielea. Mama alikuwa amekwisha kufa, lakini vidole vyake vilikuwa bado vimekaza kwenye mpini, ikambidi kijana avifungue kimoja kimoja ili ampandishe chomboni. Alifanya hivyo bila kusema neno, akaendelea na kazi mpaka asubuhi, nasi tukamsifu kwa moyo wake. Wiki tatu baadaye mkewe alinipigia simu kunieleza kwamba mumewe hataki kuona bidoni ndani ya nyumba. Ninyi mnaoishi Goma mnajua maana yake: nyumba isiyo na bidoni haina maji. Sasa watoto huchota maji na kuyamimina kwenye pipa kwa jirani, wakijificha baba asiwaone. Jioni wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wanapoanza kuimba huku wakipiga makasia, wimbo ambao sisi sote tumekua tukiusikia, yeye huondoka uani na kujifungia chumbani.

Si yeye peke yake. Mmoja anakunywa kila siku, jambo ambalo hakuwa nalo. Mwalimu mmoja amekuwa mkali darasani hata wazazi wamekuja kulalamika kwangu. Na yule aliyekuwa akituchekesha huwa wa kwanza kufika tunapoitwa, lakini kazi inapokwisha hataki kurudi nyumbani. Hubaki ufukweni akikunja kamba ambazo zimekwisha kukunjwa.

Nimefikiria kuwakusanya wote mara tu baada ya kila kazi na kumtaka kila mmoja asimulie kila alichokiona tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa nimesikia kwamba zimamoto wa ng'ambo hufanya hivyo. Je, ni jambo jema? Nitamjuaje anayehitaji kupumzishwa tu na anayehitaji kupelekwa kwa mganga wa hospitali? Na huo moyo wa mwokoaji, je, mtu huzaliwa nao, au kuna namna ya kuujenga?

Mzee wa Majengo amejibu:

Mdogo wangu Nahodha, nimesoma habari zako na nakupa pole. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipomwaga lava katikati ya mji, hapakuwa na mtu wa kutuuliza kama tumelala vizuri. Tulibeba wazee mgongoni na kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, tukawavusha mpaka Gisenyi, upande wa Rwanda, tukarudi kuwachukua wengine huku nyayo za viatu zikiyeyuka. Dawa yetu ilikuwa kazi. Mtu anayekaa na mawazo, mawazo humla.

Hilo la kuwaketisha watu na kuwalazimisha kusimulia silitaki kabisa. Nakumbuka tu kwamba kazi ilipokwisha tulikula pamoja, bugali na sombe (ugali na majani ya muhogo) kwenye sahani moja kubwa, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani na njaa. Kisha tulikunywa, tukalala. Mnisamehe nikisema kwamba vijana wa leo tunawadekeza kwa maswali mengi.

Muuguzi wa Bukavu amejibu:

Nahodha, asante kwa swali lililoelezwa wazi. Mimi ni muuguzi wa magonjwa ya akili, nimefanya kazi hii miaka mingi hapa Bukavu, na baada ya mafuriko ya Mei 2023 kule Bushushu na Nyamukubi, ambako zaidi ya watu mia nne walikufa, niliketi na wajitoleaji waliokuwa wameshinda siku nyingi wakichimbua matope na kuzika. Ninayoandika nimeyaona kwao zaidi ya kuyasoma.

Nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu jibu lake litawashangaza wengi. Usifanye hivyo. Utaratibu uliousikia ni wa kweli: ulitungwa na Jeffrey Mitchell wa Marekani, aliyewahi kuwa zimamoto, akauchapisha mwaka 1983, na ulienea duniani kote kwa nia njema. Baadaye watafiti walipowafuatilia watu waliosimulishwa kikao kimoja mara tu baada ya tukio, waliona kwamba kikao hicho hakikuwakinga na ugonjwa, na wengine kiliwaongezea mzigo. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri kisitumiwe kwa watu waliotoka kupatwa na tukio la kutisha. Sababu haihitaji elimu kubwa kueleweka. Anayetetemeka bado, anayesikia bado harufu ya matope mikononi, ukimlazimisha kurudia kila kitu mbele ya wenzake, unamrudisha majini kabla hajafika nchi kavu. Na yule aliyekuwa mbali, aliyeshika taa tu ufukweni, unampa picha ambazo yeye mwenyewe hakuziona. Anayetaka kuzungumza azungumze, na apate wa kumsikiliza; anayetaka kunyamaza asiitwe mwoga. Kuketi kuangalia kazi ilivyokwenda, kamba ipi ilikatika na nani alichelewa, hilo ni jambo jingine, na linafaa sana, ila lifanyike kesho yake watu wakiwa wamekula na kulala.

Kwa hiyo Mzee amesema kweli kuhusu sahani moja. Mwaka 2007 Stevan Hobfoll na wenzake walikusanya mambo matano ambayo utafiti unaonyesha kuwa husaidia watu baada ya maafa: kujiona salama, kutulizwa, kuona kwamba wewe na kikundi chenu mnaweza jambo, kuwa pamoja na wengine, na kuwa na tumaini. Bugali na sombe kwenye sahani moja, baada ya kazi mliyoifanya pamoja, vinayo karibu yote matano, wala havihitaji mradi wala semina.

Lakini kuhusu pombe, Papa, sikubaliani nawe. Pombe humwangusha mtu usingizini kisha humwamsha saa tisa ya usiku, na usingizi uliokatika ndio ambao ubongo ulihitaji ili kuyaweka mambo mahali pake. Nawaonya pia juu ya diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, ambayo katika miji yetu mtu huinunua dukani kama peremende. Shirika lile lile la Afya linashauri watu wazima wasipewe dawa za aina hiyo kwa ajili ya kukosa usingizi au kutulia katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Aliyekwisha kuizoea asiiache ghafla, maana hilo nalo lina hatari, amwone mganga.

Sasa juu ya kumjua nani ni nani. Katika siku za kwanza, karibu kila mmoja ataonyesha jambo: kukosa usingizi, kushtuka mlango unapogongwa, chakula kutopita kooni, picha kujirudia, hasira zisizo na mwenyewe. Waambie mapema, kabla ya kazi, kwamba haya yanaweza kuja na kwamba kwa wengi hupungua yenyewe baada ya siku au wiki chache. Ninawaona wengi ambao hawakuumizwa na picha zenyewe kama walivyoumizwa na kudhani kwamba wameingiwa na wazimu au wamerogwa. Kinachotakiwa kukuamsha wewe kama kiongozi ni pale ambapo mwezi umepita na hali haijapungua: ndoto zile zile, kukimbia kila kinachokumbusha tukio, kuwa macho daima kama mlinzi, na maisha ya nyumbani au kazini kuanza kuvunjika. Hapo mpeleke kwa mtaalamu. Goma mna kituo cha magonjwa ya akili cha Tulizo Letu na sisi Bukavu tuna SOSAME, na hospitali kadhaa zina wasaikolojia. Anayesema kwamba afadhali angekufa yeye, huyo usimhesabie mwezi wala wiki. Mpeleke siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake njiani.

Kijana wa bidoni amepita mwezi zamani. Familia yake inamficha bidoni kwa upendo, lakini kila siku anayoiepuka, hofu inapata siku moja zaidi ya kukua, kwa kuwa hajapata nafasi ya kuona kwamba bidoni ni bidoni tu. Mganga atakwenda naye polepole, kwa hatua ambazo kijana mwenyewe amezikubali: leo bidoni tupu iliyo mbali, baada ya siku kadhaa iliyo karibu, baadaye kuishika. Msimlazimishe, wala msimletee ghafla kama mzaha. Nimewahi kuona mzaha wa namna hiyo, na ulitugharimu miezi. Hofu ikimjia katikati ya barabara, avute pumzi taratibu kwa pua na kuitoa kwa muda mrefu zaidi ya alioutumia kuivuta, mara kadhaa, huku akitaja kimoyomoyo vitu anavyoviona na kuvigusa hapo alipo. Haiondoi ugonjwa, ila humrudisha mahali alipo.

Umeuliza kama moyo hujengwa. Hujengwa, na sehemu kubwa hujengwa na yule anayepanga kazi. Mtu asiende peke yake. Mgeni afuatane na mzoefu. Kabla ya kuondoka wote waambiwe watakachokikuta, kwa maneno ya wazi, hata kama ni watoto waliokufa. Wanaogusa maiti wawe wachache na wapokezane. Maiti zifunikwe mapema, na waliozibeba wasiwe ndio wanaopekua mifuko kutafuta karatasi na picha, kwa kuwa mwokoaji akishajua jina la marehemu na sura za watoto wake, maiti ile huanza kufanana na ndugu yake. Kazi hiyo ya mifuko apewe mtu mwingine, kwa muda mfupi.

Kamba ya Sake amejibu:

Mama Muuguzi ameeleza mengi, nami nitaongeza jambo moja kutoka kwetu. Kinachotusumbua zaidi si kile tulichokiona. Ni kile ambacho hatukukifanya.

Mnajua mazuku, ule upepo mbaya unaotoka ardhini na kulala mabondeni, hasa asubuhi ambapo hakuna upepo. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, na mtu anayeingia ndani yake huanguka. Kijana mmoja alishuka kumfuata mbuzi wake, akaanguka hatua chache tu kutoka ukingoni, mahali ambapo ungeweza kuona rangi ya shati lake. Kaka yake alitaka kushuka. Mwenzetu mmoja pia alitaka kushuka, nasi tulimshika mikono watu watatu. Hatukuwa na vyombo vya kupumulia. Tulichoweza ni kurusha kamba yenye ndoana, tena na tena, na tulipompata alikuwa amekwisha kufa. Sheria ilikuwa sahihi, kwa sababu aliyeshuka angelala pale pale kando yake; hata hivyo yule tuliyemshika hakutusalimia kwa wiki mbili, na mimi niliyeitamka amri ya mkubwa wetu nilikuwa nikizunguka barabarani ili nisipite mbele ya nyumba ya marehemu.

Kilichotusaidia kilikuwa kidogo. Mkubwa wetu alikwenda msibani, akasema mbele ya familia na mbele yetu sote kwamba uamuzi wa kutoshuka ulikuwa wake, kwamba aliufanya akijua, na kwamba angeufanya tena. Baba wa marehemu alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba tumweleze mazuku ni nini hasa. Tangu siku hiyo, kabla ya kwenda mahali pa hatari tunasema kwa sauti mpaka wetu uko wapi, ili anayezuiwa ajue kwamba amezuiwa na kikosi kizima, na kwamba woga haukuhusika.

Tuna pia utaratibu wa rangi. Ulianzia kwa wanamaji wa Marekani, na waokoaji wa milimani huko nao wakauchukua. Kijani ni mtu aliye tayari. Manjano ni aliyechoka au mwenye hasira lakini atapona akipumzika. Rangi ya chungwa ni aliyeumia ndani na hajirudii mwenyewe. Nyekundu ni mgonjwa anayehitaji mganga. Sisi tunapokagua kamba na taa, kila mmoja hutaja rangi yake kama anavyotaja hali ya taa yake, bila maelezo. Wa manjano hashuki majini siku hiyo, bali hushika orodha ya majina ufukweni. Wa chungwa haji kazini kabisa, na kuna mwenzake aliyepewa kazi ya kumtembelea. Niseme ukweli kwamba miezi miwili ya kwanza sote tulikuwa kijani, hata aliyekuja na macho mekundu kama pilipili. Mambo yalibadilika siku mkubwa wetu alipojitaja mwenyewe kuwa manjano na kubaki ufukweni na daftari.

Mke wa Mwokoaji ameuliza:

Samahani kwa kuingia katika mazungumzo ya watu wa kazi. Mume wangu hufanya kazi hii, na akirudi hasemi neno. Nikimuuliza hukasirika, nisipomuuliza huona kama simjali. Mama Muuguzi, mtu wa nyumbani afanye nini?

Muuguzi wa Bukavu amejibu:

Dada, umeingia mahali pako hasa. Usimuulize aliona nini. Mwulize kama amekula, mwandalie maji ya moto ya kuoga, na mwambie kwamba siku atakapotaka kusema utakuwepo. Kisha mpe kazi ndogo ya kawaida, kama kukarabati kiti au kwenda na mtoto sokoni, kwa kuwa mtu aliyetoka katika maafa hurudi nyumbani kwa njia ya mambo ya kawaida. Lakini akikupiga au akiwatisha watoto, huo ni mpaka. Uchovu wa kazi ni sababu ya kumsaidia, na haukulazimishi kuvumilia kipigo. Ondoka na watoto mwende mahali salama kwanza.

Mzee wa Majengo amejibu:

Mama Muuguzi, nimesoma maneno yako mara mbili, na ya pombe nimeyasoma mara tatu. Niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka tena na anga kuwa jekundu usiku ule, miguu yangu ilikataa kunitoa nyumbani. Mimi niliyebeba watu 2002 niliketi kitandani nimeshika kiatu kimoja, nikisikia watu wote wakikimbia barabarani. Wanangu ndio walioninyanyua. Nilidhani ni uzee.

Nahodha wa Kyeshero amejibu:

Mzee wangu, asante. Asanteni nyote.

Kikao cha kusimulishana nimekifuta. Jumamosi tutakutana kukagua kamba, na baadaye tutakula. Mke wa fundi wetu mmoja amekubali kupika tukimletea unga na samaki. Rangi nitazianzisha siku hiyo, na kwa kuwa Kamba ya Sake amenionya, nitaanza na yangu, ambayo ni manjano, na nadhani imekuwa hivyo tangu usiku ule wa boti. Nimemwomba mmoja wa walimu wawili, yule asiye mkali, awe ndiye wa kuniuliza mimi, kwa sababu hadi sasa hapakuwa na mtu mwenye kazi hiyo. Anayekunywa nimeketi naye jana. Hakuahidi lolote, ila alikubali kwamba usiku tutakapoitwa, akiwa amekunywa, atasema mwenyewe na kubaki ufukweni. Kuhusu mifuko ya marehemu bado sijui nitampa nani, maana kila ninayemfikiria naona namwonea.

Kijana wa bidoni nilimpeleka Jumatano. Nilimsubiri nje kwenye pikipiki yake saa nzima na zaidi, naye alipotoka aliniomba nimwache aiendeshe mwenyewe. Atarudi huko kila wiki. Mkewe ameniambia kwamba kwa kukubaliana naye wameweka bidoni moja tupu karibu na lango la ua, na kwamba akitoka asubuhi huiangalia, kisha hupita upande wa pili.